Amplifaya Yangu Mdomoni mwa Mwenyekiti

Mwenyekiti wa kijiji alipopuliza kipaza sauti kujaribu kama kinafanya kazi, nilijua kabla hajatamka neno kwamba ameizungusha sauti nzito kupita kiasi. Pumzi yake ilitoka kama ya ng'ombe anayenusa majani. Amplifaya ilikuwa yangu. Walikuwa wameiweka juu ya meza mbele ya ghala la kahawa, waya umevutwa hadi kwenye jenereta la mashine ya kusaga, na kijiji kizima kimekaa kwenye nyasi kinaisubiri iseme.

Ikasema.

"Ndugu wananchi, kitu hiki mnachokiona ni mali ya kiwanda. Kiliibwa. Aliyekiiba mnamfahamu, tumemlea hapa hapa. Asimame tumwone."

Nikasimama. Niliinuka tu, kama mtoto wa shule. Mke wangu alikuwa kwa wanawake upande wa kushoto, nikamwona anavuta kanga mpaka usoni.

"Na msije mkasema nimemwonea," mwenyekiti akaendelea. "Baba yake mzazi, yule pale kwenye benchi la wazee, alikuja mwenyewe nyumbani kwangu na isale mkononi. Sasa nawauliza ninyi Wachagga wenzangu, isale hupelekwa na nani? Hupelekwa na aliyeonewa au na aliyekosa?"

Watu wakaguna. Baba alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili, anatazama chini kati ya miguu yake. Alikuwa mzee wa kuheshimika, mtu aliyezoea kutazama watu machoni, na siku ile aliangalia nyasi mpaka mkutano ukaisha.

Kwa msomaji asiyetoka mlimani, isale ni lile jani refu la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba na kahawa. Ukimkosea mtu, au mtu wako akikosa, unakata jani, unalifunga fundo, unampelekea uliyemkosea. Akilipokea, kesi imeisha. Hawezi tena kuidai, hawezi kuisimulia kilabuni kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, wala hawezi kumrudishia mtu kosa lake usoni. Hata ndugu waliotaka kuchinjana kwa ajili ya mpaka, isale likishapokelewa, hukaa wakala pamoja. Sijasikia mtu aliyepokea isale kisha akalitangaza kwenye kipaza sauti. Nimemsikia huyo mmoja tu.

Na kilichonifedhehesha zaidi, hadi leo nikikumbuka najisikia joto shingoni, ni kwamba sauti ile ilikuwa nzuri. Ananitukana kupitia chombo changu, na chombo kinamfanya asikike kama mtu wa kweli. Ilimpa kifua ambacho hakuwa nacho. Mkono wangu wa kulia ulikuwa unasogea wenyewe pajani, unatafuta kile kifungo umpunguzie sauti nzito. Natangazwa mwizi mbele ya watoto wangu na mkono unataka kurekebisha sauti ya anayenitangaza.

Nilikwenda kwenye mashamba ya miwa kule tambarare nikiwa kijana, miaka michache baada ya Uhuru. Mimi ni mtoto wa katikati, na kwetu wa katikati hana kihamba. Mkubwa hupata, wa mwisho hupata, wewe unatafuta njia yako. Shule niliishia darasa la nne. Nikaanza kwa kukata miwa, baadaye wakanitia karakana nisafishe mashine kwa mafuta ya taa. Kule kila mtu alikuwa mgeni. Kulikuwa na watu wa Songea, wa Kigoma, wa Singida, Wanyaturu kwa Wangoni, tukielewana kwa Kiswahili cha kubahatisha. Mpiga besi wa bendi yetu alikuwa Mngoni, mrefu, mwenye maneno mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha gitaa, na nilipomzidi akaniachia solo, akashika besi, akasema amechoka kufikiri.

Bendi ya wafanyakazi ilikuwa na amplifaya moja ya transista. Sitaki kuitukana, ilitulisha. Lakini ilikuwa na sauti moja tu, ya bati. Ukipiga kwa upole inalia bati, ukipiga kwa hasira inalia bati. Unaweza kuwa na huzuni yote ya dunia vidoleni, yenyewe haina habari.

Kulikuwa na Mzungu, fundi mkuu wa mitambo, mtu wa nchi ya baridi, hana familia. Jumamosi alikuwa anakuja klabuni kwetu, anakaa nyuma na bia yake. Hakuwa mwongeaji. Siku moja akaja na pikapu, akateremsha na dereva wake kitu kama sanduku la nguo, limevishwa ngozi nyeusi ya kuiga, pembeni kona za shaba. Kilikuwa kizito, watu wawili walikibeba wakipumua. Akaniashiria nichomeke gitaa. Nikachomeka, nikapiga, kimya. Mpiga besi akasema, "Mzungu katuletea kabati." Watu wakacheka. Mzungu akainua kidole, kwamba ngojeni.

Nikachungulia kwa nyuma. Ndani kulikuwa na taa za kioo, zile ambazo mafundi wa redio huziita valvu, zimesimama kwenye mstari, na zilikuwa zinaanza kuwaka polepole, rangi ya makaa. Nikapiga tena waya mmoja tu. Mpiga besi aliacha kucheka.

Sijui nieleze vipi. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu na wananiangalia kama mlevi. Ile amplifaya ilikuwa inajua mkono. Ukigusa waya taratibu, sauti inatoka safi, kama maji ya mfereji yanapopita juu ya mawe kule kwetu asubuhi kabla watu hawajaanza kuyachota. Ukiongeza nguvu kidogo tu, bila kugusa kifungo chochote, inaanza kukwaruza, kama mama aliyenadi ndizi soko la Kiboriloni tangu alfajiri na sasa sauti imekauka lakini bado anazo ndizi. Ukipiga kwa ghadhabu inanguruma na ile noti haifi, inabaki hewani inazidi kuwa nene, unaweza kuishika ukaitembeza ukumbi mzima. Ukirudisha mkono kwenye upole, nayo inarudi. Mimi ambaye maisha yangu yote hakuna mkubwa aliyenisikiliza, nilikuwa nimepata kitu kinachosikiliza kabla ya kusema.

Tena haikuwa ya kazi moja. Ilikuwa na sehemu mbili, na matundu ya kuchomeka zaidi ya moja, kwa hiyo tuliweza kuingiza gitaa langu huku na besi kule, siku nyingine na kipaza sauti cha mwimbaji. Ilikuwa na kifungo cha mwangwi, ukikizungusha unasikika kana kwamba umo kanisani peke yako. Kingine cha mtetemo, sauti inapepea kama kitambaa cha dirishani. Tuliipigia rumba na chacha Jumamosi. Jumapili hiyo hiyo tuliipeleka misa ya mavuno, nikaifunga mtetemo, nikaipunguza hadi ikawa inanong'ona chini ya kwaya, na padre akauliza kinanda hicho tumekipata wapi. Tulipiga nayo kwenye msiba wa mwenzetu aliyeangukiwa na trela la miwa, polepole, gitaa peke yake, na Wangoni kwa Wachagga walilia kilio kimoja. Siku ya Saba Saba ilipiga mwendo wa gwaride mpaka wanamgambo wakakosea hatua kwa raha.

Mzungu alinifundisha kuitunza. Usiiwashe kama waya wa spika haujachomekwa. Usiihamishe ikiwa moto. Usiiunganishe na spika ambayo si yake. Alikuwa anasema kwa mikono na Kiswahili chake cha karakana, "Hii kama farasi. Wewe mbaya, yeye kufa."

Mkataba wake ulipoisha walimfanyia sherehe ya kuagwa klabuni. Akasimama, akaongea kwa Kiingereza, na aliyetafsiri ni meneja utumishi. Huyu alikuwa msomi wetu, mtu wa Kilimanjaro kama mimi, suti ya safari na kalamu mbili mfukoni. Namkumbuka alivyosema, kwa sababu lilikuwa jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kuambiwa: "Bwana mkubwa anasema, mashine hii hairudi nayo Ulaya. Anampa mpiga solo, si bendi, si klabu, ni yeye, kwa sababu ndiye anayeijua." Watu wakapiga makofi. Meneja utumishi mwenyewe akanishika mkono, akasema, "Hongera mangi, sasa umekuwa na mali kuliko mimi." Mangi ni mfalme kwa lugha yetu, alikuwa ananitania. Nilicheka mpaka meno yote yakaonekana.

Halafu nchi ikawa ngumu, kila mtu anakumbuka. Sabuni hakuna, sukari hakuna hata sisi tunaoitengeneza, nyuzi za gitaa hakuna, tukawa tunafunga waya za breki za baiskeli. Bendi ikavunjika. Mama alikuwa ameshafariki, kaka mkubwa yuko Dar haandiki, mdogo wetu yuko jeshini, na baba yuko peke yake mlimani na migomba inaanguka. Nikaacha kazi, nikachukua mke na watoto, nikapanda nao. Amplifaya ilipanda nasi juu ya lori la mahindi, nimeikumbatia njia nzima kama mgonjwa.

Kule kwetu, upande wa Marangu, umeme haukufika kila nyumba. Kwetu haukufika. Kwa hiyo ilikaa sebuleni, mke wangu ameifunika kitambaa cha kufuma, juu yake picha ya harusi. Mara moja moja, kukiwa na arusi penye jenereta, walikuwa wananiita. Baba aliisikia mara ya kwanza kwenye arusi ya jirani. Alinitazama nikipiga, hakucheza, lakini njiani akasema, "Mimi nilifikiri umepoteza miaka kule." Baba hakuwa mtu wa kusifia. Niliishi na maneno hayo muda mrefu.

Sasa mwenyekiti. Sitaandika jina lake, anajijua, na kijiji kinamjua. Alikuja nyumbani asubuhi moja na watu wake wawili, majirani wapo, wanamsaidia baba kuchuma kahawa.

"Shikamoo mwenyekiti," nikasema, ingawa hakunizidi sana umri.

"Marahaba. Nasikia una mashine ya kusemea."

"Ni ya gitaa, mwenyekiti."

"Ya gitaa, ya kusemea, si inatoa sauti? Tuna mgeni kutoka wilayani. Tunaichukua, tutaiunganisha na zile spika za pembe za bati zilizoko ofisini asikike mpaka bondeni."

"Pembe zile zitaiunguza. Haikutengenezwa kwa pembe."

"Kwa hiyo wewe una mali ambayo kijiji hakiwezi kuitumia."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nikasema, "Mwenyekiti, wewe sauti yako inafika Kenya bila waya. Mashine ya nini?"

Majirani waliangua kicheko. Mama mmoja aliweka kikapu chini ili acheke vizuri. Mwenyekiti naye alicheka, akanipiga begani. "Kijana una mdomo," akasema. Nilikuwa baba wa watoto wanne na ananiita kijana. Akaondoka bila kunywa mbege aliyowekewa. Baba aliitazama ile mbege, akaniambia, "Ungemwambia tu imeharibika."

Haukupita muda mrefu ukaja msako wa wahujumu uchumi, serikali inawakamata walioficha bidhaa na wenye mali wasizoweza kuzieleza. Waliokuwepo wanajua. Watu walimwaga mafuta ya kula kwenye mifereji. Kuna aliyetupa redio yake chooni, redio aliyoinunua kwa kahawa yake halali, kwa sababu hana risiti na anaogopa. Mke wangu aliniambia, "Tuifukie hata kwenye migomba, mbolea haichungulii mtu." Nikakataa. Nani anaficha kitu chake? Niliona kuificha ndiko kungekuwa wizi.

Mgambo walikuja mchana, mmoja wao wa ukoo wetu kabisa, niliyesimamia ubatizo wake.

"Risiti iko wapi, baba wa ubatizo?"

"Kitu cha kupewa kina risiti?"

"Mimi sijui. Nimetumwa."

Wakaibeba. Kitambaa cha kufuma kikabaki sakafuni na picha ya harusi imelala kifudifudi. Mimi wakanifungia kwenye ghala la kahawa, lile lile ambalo baadaye nilisimamishwa mbele yake. Mwenyekiti alinijia mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya upole kabisa, kitu cha thamani kama hiki mkata miwa anakipata wapi? Nikamwambia nilipewa mbele ya watu, na meneja utumishi ndiye aliyetafsiri, mwulizeni. Akasema, "Basi mlete aje aseme."

Mke wangu akamtafuta yule mpiga besi, ambaye alikuwa bado tambarare. Meneja utumishi alikuwa ameshahamia mjini, amepanda cheo, amejenga Shirimatunda. Mpiga besi akapanda basi akaenda. Alinieleza baadaye, nami nayaandika kama alivyonieleza.

"Nimemkuta anamwagilia maua yake. Nikamsalimia, nikamweleza. Akaniambia, 'Ndugu, mimi nimetafsiri mambo mengi maishani mwangu, siwezi kukumbuka yote.' Nikamwambia, bosi, ulimwita mangi, ulimshika mkono. Akasema, 'Wakati huu si wa kukumbuka kumbuka vitu vya Wazungu.' Halafu akaendelea kumwagilia. Nikamwambia unamwagilia miguu yangu, bosi. Kweli, alikuwa ananimwagia viatu ili niondoke."

Mpiga besi alicheka wakati anasimulia, kwa sababu ndivyo alivyo. Mimi sikucheka. Huyo ni wa pili ninayemlaumu baada ya mwenyekiti, meneja utumishi. Hakusema uongo, alisahau tu. Lakini ni kusahau kulikonifunga.

Baba alipoona shahidi hakuja, hakuniuliza wala hakumwuliza mke wangu. Alitoka mapema, akaenda mpakani mwa kihamba, akakata isale, akalifunga fundo, akachukua na kibuyu cha mbege, akashuka kwa mwenyekiti. Mtu aliyekuwa anagawa nyama ya ukoo, ambaye wazee wenzake walingoja kisu chake kila kilipochinjwa kitu, akasimama uani kwa mtu aliyezaliwa wakati yeye tayari ana ndevu. Mke wa mwenyekiti alikuwepo na alimwambia mke wangu jinsi ilivyokuwa. Baba alisema, "Nimekuja kwa ajili ya mwanangu. Usinirudishe nalo." Mwenyekiti alilipokea kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka. Akanywa ile mbege. Akasema, "Nenda meku, nimekusikia." Meku ni mzee kwa lugha yetu.

Jioni nikafunguliwa. Hakuna aliyenieleza ni kwa nini, nami nilidhani haki imejitokeza yenyewe. Nikaenda nyumbani, nikala machalari ya ndizi na nyama, nikamwambia baba, "Unaona? Ukweli haufungwi ghalani." Baba akanipakulia tena. Nikikumbuka nilivyokuwa natafuna kwa furaha mbele yake, natamani sahani ingenimeza.

Halafu ukaitishwa ule mkutano, na yote niliyoyaandika mwanzo yakatokea.

Tulirudi pamoja mimi na baba, wanawake wametangulia. Njia ile ina mteremko na kupanda, na watu tuliozoea kutembea nao walikuwa wanapunguza mwendo wabaki nyuma yetu, au wanaongeza watupite bila kusalimia. Sikuweza kuvumilia. Nikamwuliza, "Baba, kwa nini ulipeleka isale? Mimi sikuiba."

"Najua hukuiba."

"Sasa umewaambia nimeiba."

"Nilikuta mlango una kufuli na mwanangu yuko ndani. Mimi sina Kiingereza cha kumwuliza Mzungu. Nina isale."

"Lakini isale linasema tumekosa."

Akasimama. "Isale linasema nimejishusha ili ugomvi uishe. Aliyelipokea ndiye anayetakiwa kufunga mdomo. Wewe unaniuliza mimi, umemwuliza yeye?"

Sikumwuliza yeye. Mgambo walikuwa bado wanazunguka, na nilikuwa na watoto. Ndiyo hivyo.

Amplifaya ilibaki ofisini. Iliwahutubia watu mara kadhaa, ikahimiza mbolea, ikahimiza michango. Nilikuwa naisikia nikiwa kwenye migomba na naweza kukuambia kila siku amezungusha nini vibaya. Mwishowe waliiunganisha na zile pembe za bati. Nilisikia imekohoa katikati ya neno, ikalia wii nyembamba, ikanyamaza. Mwenyekiti aliendelea kuongea kwa mdomo mtupu na kusema kweli alisikika vizuri tu. Baadaye wakasema imepelekwa mjini kwa fundi. Ni fundi gani, hakuna ajuaye. Mpiga besi aliniapia kwamba ameisikia kwenye baa moja Moshi, kwamba amesimama nje akaitambua kwa ile noti isiyokufa, lakini alikuwa amekunywa, na mimi sikwenda kuhakikisha. Niliogopa kuikuta, nisimame mbele yake sina la kusema.

Ningeweza kusamehe amplifaya. Kitu kimekuja kwa meli, kitu kimekwenda. Nisichoweza ni hiki cha baba.

Ilipokuja Krismasi, ukoo ulichinja mbuzi kama kawaida. Baba akanoa kisu chake. Kwetu nyama haikatwi hovyo, kila kipande kina mwenyewe, kidari cha nani, mgongo wa nani, na anayegawa ni mtu ambaye hakuna atakayemshuku kwamba ameficha pande. Alipofika, mbuzi alikuwa ameshachunwa na kisu kiko kwa mwingine, mtu wa makamo, mtoto wa mdogo wake. Hakuna aliyemkaripia baba. Walimkaribisha vizuri, wakampa kigoda, wakampa mbege kwanza. Yule mwenye kisu akasema tu, "Pumzika baba mkubwa, mikono yako imechoka." Baba akakirudisha kisu chake ndani ya koti. Akapewa kipande chake na mtu mwingine, akakila.

Hakugawa nyama tena hadi anakufa. Kilabuni hakwenda. Watoto wangu walikuwa wanaitwa shuleni "watoto wa amplifaya", na mmoja alinirudia analia, akaniuliza kama babu ndiye aliyesema nimeiba. Nilihama. Niliwachukua nikashuka Chekereni, nikapata jaruba la mpunga, na ndiko nilipo, natembea kwenye matope, na gitaa nimempa mtu. Aibu ile si yangu, nimeshajieleza mara elfu kwamba si yangu, lakini nikipanda mlimani nikamkuta mtu wa rika langu njiani, shingo inainama yenyewe.

Baba alipofariki, mwenyekiti alikuja mazishini. Alikuwa amekwisha kuacha uenyekiti, sasa ni mzee wa kanisa, ameota mvi nzuri. Akapewa nafasi aseme neno. Akasema marehemu alikuwa mtu mnyoofu, mpole, mwenye kujishusha. Neno hilo hilo, kujishusha. Nilikuwa nimeshika koleo. Mpiga besi, ambaye alikuja toka tambarare, akanishika kiwiko akaninong'oneza, "Fukia mangi, fukia tu." Nikafukia.

Lakini sasa nimezeeka vya kutosha kutoogopa ghala la kahawa, na nakuuliza wewe uliyekuwa mwenyekiti. Bado uko hai, unasoma, na kuna watu watakaokusomea. Ulilipokea isale la baba yangu kwa mikono miwili. Mke wako aliona. Mbege yake uliimaliza. Njoo Jumapili moja baada ya misa, uani kwetu mlimani, ukoo ukiwa umekaa, na wewe meneja utumishi wa Shirimatunda panda naye, kumbukumbu ikurudie au isikurudie. Sitaki mnilipe kitu. Aliyekichukua kisu atakuwepo, na watoto wangu watakuwepo. Waambie, kwa mdomo wako, bila mashine yoyote: mzee yule alikukosea nini?